Ushuhuda Uliokosa Wimbo

Katika kanisa letu la Karungu, ushuhuda una mpangilio wake. Mtu husimama, hulisalimu kanisa kwa jina la Yesu, hueleza shida yake, kisha hueleza jinsi Mungu alivyoiondoa. Hapo akina mama huinua wimbo, naye huketi katikati ya makofi. Sikuwahi kusikia ushuhuda ulioishia kwenye shida.

Nilikuwa nimemaliza chuo, na kanisa lilitaka kunikabidhi darasa la watoto la Jumapili. Kilichobaki ni ushuhuda wangu mbele ya wote. Nililitamani darasa lile kuliko kazi yoyote niliyokuwa nikiiomba. Lakini baba alikuwa amepooza upande wa kulia. Tulifunga, tukakesha, akapakwa mafuta. Mkono uliozoea kushona nyavu ukaendelea kulala mapajani mwake kama kitu cha kuazima. Nikaanza kujiuliza kama kuna anayetusikiliza. Ningewafundishaje watoto jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa na hakika nalo?

Asubuhi ya ibada, nikimfunga vifungo vya shati, nilimwambia nitakataa.

"Baba, sina cha kushuhudia."

Maneno yake hutoka yakijiburuta. "Una mimi."

"Lakini hujapona."

"Basi sema hivyo." Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Ama unaogopa watanifukuza?"

Zamu yangu kanisani ilipofika, nikasimama, nikasema. "Tumeomba, na baba hajapona. Kuna siku siombi kabisa. Kuna siku naomba kwa hasira. Nimefika hapo tu."

Akina mama wakatazamana. Hakuna aliyejua wimbo wa kuinua. Ndipo muuzaji mmoja wa dagaa wa omena, ambaye hukaa karibu na dirisha ili autazame mzigo wake ukikauka nje, akaniita kwa sauti: "Nyathina, mwanangu, huo ushuhuda bado ni mbichi! Keti. Utatuendelezea Jumapili ijayo."

Kanisa likaangua kicheko. Nami nikacheka, machozi yakinitoka.

Mzee wa kanisa hakucheka. Baada ya ibada alinisimamisha mlangoni. "Mtoto akikuuliza kwa nini Mungu hajamponya baba yako, utamjibu nini?"

"Nitamwambia sijui, mzee. Kisha nitaomba pamoja naye."

Akatia mkono mfukoni, akanipa ufunguo wa kabati la vitabu vya watoto.

Baba bado hajapona. Ninaposimama, watu huniuliza, "Umefika wapi?" nami huwaambia ukweli. Nilidhani shaka ingenitoa kanisani. Badala yake imenizuia kuomba kwa mazoea, nikielea juu ya maneno niliyoyakariri utotoni. Sasa kila sala hunigharimu, na kwa sababu hiyo ni yangu. Wala siko peke yangu. Hivi karibuni mvuvi mmoja alisimama akasema nyavu zake zinatoka tupu na kwamba amemnunia Mungu, kisha akaketi.

Kwa shuhuda za namna hiyo tumepata wimbo, ule wa zamani wa safari. Anayeuinua ni baba, kutoka kwenye kiti chake kando ya benchi la mbele. Maneno yake yanajiburuta bado, na kanisa zima hupunguza mwendo, likimngoja afike mwisho wa kila mstari.