Somo Refu kwa Mtu Asiye Mgonjwa

Nilikosa usingizi kwa swali moja: mtu mwenye ulemavu akija kliniki na msindikizaji, nimtazame nani? Nilikuwa nimehitimu masomo ya lishe majuzi tu, na kulipokucha ningehudumia watu peke yangu hapa Isiolo. Nikaamua kumtazama msindikizaji.

Asubuhi akaingia Mzee Galgalo kwenye kiti cha magurudumu, akisukumwa na mkewe, Mama Halima. Kwenye faili niliona tu kwamba sukari imepanda mwilini. Jina sikusoma, hata salamu nilisahau. Nikamkazia mama macho.

"Mpunguzie mzee sukari kwenye chai. Afanye mazoezi ya mikono kila siku."

Mama akatabasamu, akaitikia kwa kichwa kila neno. Nikajiona bingwa, nikaendelea robo saa nzima.

"Daktari," mzee akasema, "mgonjwa ni yeye. Na hasikii. Mimi ndiye humtafsiria kwa ishara."

"Mbona hukunikatiza, mzee?"

"Ulikuwa umechangamka sana, kijana. Niliona haya."

Masikio yakaniwaka. Mama angerudi kijijini kwao Gotu bila kujua ale nini! Nikasogeza kiti mbele yake, nikamtazama yeye.

"Salaam aleikum, mama. Chai yako unaweka sukari vijiko vingapi?"

Mzee akatafsiri kwa mikono. Mama akainua vidole vinne, kisha akamsonta mumewe na kuinua sita.