Daftari la Nusura

Kutoka Kitale hadi Lamu nilitumia siku tatu, na katika siku hizo nilikaguliwa zaidi ya nilivyokaguliwa maisha yangu yote. Kila kizuizi tulishuka na vitambulisho, tukapanga foleni kando ya basi, tukapanda tena. Mokowe, kabla ya kuvuka, kila abiria alipewa jaketi la kuokolea. Langu halikuwa na kamba. Nahodha akaniambia nilikumbatie tu mpaka tupite macho ya askari. Nililikumbatia. Nilikuwa nakwenda Lamu kuwa msimamizi wa usalama kazini.

Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, cheti cha kidato cha nne, kingine cha kozi ya wiki mbili, na uchovu wa kuhamahama. Nilishafanya kazi Naivasha, Athi River, Mtwapa, na kila mahali nilipoondoka nilianza kupakumbuka kabla sijafika stendi. Safari hii niliazimia kukaa. Nilipata chumba mtaa wa Mkomani, ghorofa ya juu, dirisha likitazama mapaa ya majirani na paka wao. Mkataba ulikuwa wa miezi sita. Nikifanya vizuri, mkandarasi aliyeniajiri alisema, utaongezwa mpaka nyumba iishe, na nyumba za mawe za Lamu haziishi upesi.

Tulikuwa tunakarabati nyumba kuukuu ya matumbawe. Mwenye nyumba alikaa ng'ambo, mkandarasi akakaa Mombasa. Mwaka uliotangulia, kwenye kazi nyingine ya mkandarasi huyo huko Ras Kitau, mtu alianguka kutoka paa la makuti akavunjika nyonga. Mwenye nyumba yetu aliposikia, akasema hatoi kazi yake bila mtu wa usalama. Ndipo nikaajiriwa. Nilikabidhiwa kofia ngumu kumi na daftari la kuandika kila jambo ambalo nusura limuumize mtu, ili lirekebishwe mapema.

Kofia zilipendwa. Fundi mkuu, mtu wa chokaa aliyejua kila ukuta wa mtaa ule, alitundika yake msumarini isichafuke. Lililokataliwa ni daftari.

"Bwana," aliniuliza, "wataka nikwambie fulani ameegemeza ngazi vibaya?"

"Ndiyo."

"Hiyo ni ghiba. Nti hii twajuana sote. Nimsengenye mwenzangu kwa sababu ya ngazi?"

Wengine wakaitikia. Kwa miezi miwili nilituma Mombasa kurasa tupu, na mkandarasi akanisifu. "Kazi safi. Endelea hivyo hivyo."

Aliyeniharibia ni mama mmoja tuliyemwita Bi, aliyetuletea chai na mahamri saa nne. Siku moja alifika juu akihema, birika mkononi, buibui jeupe kwa chokaa mpaka magotini.

"Nimeteleza ngazini kwa mchanga wenu. Nusura nimmwagie huyu mzee chai yote kichwani. Andika, Bwana!"

"Mzee nani?" fundi mkuu akauliza.

Nikamwambia Bi kwamba wenzangu hawataki niandike, wanasema ni ghiba.

"Ghiba ya nani? Nimeteleza mimi, najisema mimi. Au nijiombe radhi?"

Seremala akashuka kufagia ngazi. Fundi mkuu alikunywa chai, kisha akashindwa kuvumilia kupitwa.

"Hiyo yako ndogo," akamwambia Bi. "Mimi jana nimekanyaga boriti huko juu ikalia kwaa! Nimenyamaza kwa haya tu."

Tukapanda kuiangalia. Mchwa walikuwa wameila yote, limebaki ganda, na mbili za pembeni yake vilevile. Chini ya boriti hizo ndipo seremala alipoweka benchi lake kila siku. Aliitazama dari, akahamisha benchi. Kesho yake naye akajisema.

Tangu siku hiyo saa nne ikawa saa ya kujianika. Kila mtu alitaka upumbavu wake uzidi wa mwenzake.

"Muongo we, ngazi haikuyumba hivyo!"

"Iliyumba! Uliza ukuta!"

Niliandika, tukarekebisha, daftari likajaa, nikanunua jingine. Kofia zilitoka misumarini. Hakuna aliyeumia hata ukucha.

Mkandarasi akapiga simu. "Hiyo nyumba imeingiliwa na nini? Mwenye nyumba amesoma ripoti, hana usingizi."

"Bosi, hakuna ajali hata moja. Hizo ni zilizokosa kutokea."

"Kama hazikutokea, umeandika nini? Kabla yako kazi zangu hazikuwa na makaratasi haya."

Nilitaka kumkumbusha nyonga ya Ras Kitau. Nilikifikiria chumba changu, nikaacha. Akalainisha sauti: mwezi wa mwisho nitume kurasa tupu kama zile za kwanza, naye ataongeza mkataba.

Kesho yake saa nne nililikalia daftari. Fundi mkuu alisimulia jinsi alivyojitia chokaa mbichi karibu na jicho kwa kudharau miwani ya kinga, akanitazama.

"Huandiki?"

"Leo sina kalamu."

"Nimekuja na nzuri kama hii, nawe huna kalamu?"

Bi akanitupia kalamu yake ya kuandikia wadeni wa mahamri. Niliandika. Bado sijui kama ulikuwa ujasiri au aibu.

Miezi sita ilipotimia mkataba haukuongezwa. Mkandarasi alinieleza kwa upole kwamba nafasi yangu haihitajiki, maana katika muda wangu wote hakuna aliyeumia.

Siku ya kuondoka Lamu nilipita kuaga, begi begani. Seremala alikuwa katikati ya kisa, akaninyooshea kiganja ningoje. Asubuhi ile alikuwa akivuta ndoo ya chokaa, akaona kamba imeanza kukatika, akaendelea kuvuta kwa uvivu. Kabla hajamaliza, fundi mkuu na kibarua wake wa chokaa walikuwa wamekwisha kuinuka kwenda juu kuibadilisha kamba. Niliagana na waliobaki. Nikawangoja wale wawili kidogo, chai yao ikipoa. Hawakushuka, nikaenda zangu.