Nyangumi wa Pima Kumi na Sita

Niliwaambia darasa la nne, pale shuleni kwetu Rusimbi, kwamba nyangumi mkubwa hufika mita thelathini. Loo! Tangu siku hiyo kila uongo pale shuleni ukaitwa nyangumi. Mtoto akidai kaka yake ana pikipiki mbili, wenzake wanamrukia: "Acha nyangumi zako!" Wamekulia ziwani, wanajua mgebuka, wanajua sangala, sasa mimi nawaletea samaki wa kujaza uwanja, tena nasema si samaki, ananyonyesha!

Iliniuma, sifichi. Mwalimu akishaitwa muongo, hata jedwali la kuzidisha wanamsikiliza kwa jicho la pembeni.

Nikachukua rula ya mita, nikapima nao kutoka mlingoti wa bendera. Mita thelathini zikaishia ndani ya jiko la shule, kwenye sufuria la maharage.

"Rula yenyewe ya kwako, Mwalimu," akasema binti mmoja ambaye baba yake anawauzia wavuvi kamba za nyavu kwa pima kule mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki.

Kesho yake baba mtu huyo hapo, kamba begani, mrefu, mikono inakaribia magoti.

"Mwalimu, mnawafundisha nini watoto wetu?"

"Pima mwenyewe, mzazi. Kwa mikono ya mtu mzima, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, ni pima kumi na sita."

"Hapo sawa. Rula sizijui, ila mikono yangu haijawahi kudanganya mtu."

Binti akashika ncha ya kamba penye mlingoti. Baba akaanza: kamba kifuani, mikono huku na huku, moja, mbili, tatu, darasa zima likihesabu naye. Kumi na sita ikaishia katikati ya uwanja. Jiko liko kule!

"Mmeona?" akasema, meno yote nje. "Nyangumi!"

Watoto wakaangua kicheko. Mimi nikatamani ardhi inimeze.

Binti yake hakucheka. Aliiachia kamba, akapiga kelele: "Baba, nyoosha viwiko! Unapima kama unamuuzia mteja!"

Mzee akanitazama, akamtazama mwanawe, akakohoa. Akarudi kwenye mlingoti, akaanza upya, safari hii mikono imenyooka kabisa. Kumi na sita ikamfikisha jikoni, mpishi akalazimika kusogeza sufuria.

Alikunja kamba yake taratibu, akanivuta pembeni.

"Mwalimu, huyo mnyama ni mkubwa kweli, nimekubali," akanong'ona. "Ila hili la viwiko, nakuomba, lisifike mwaloni."