Jirani wa Madirisha Yaliyofungwa

Kila nikimsikia mama akipumua, namwombea dua jirani yetu wa hapa mjini Amerat. Hupika madirisha yamefungwa, hata harufu ya kitunguu isitoke, na gari lake halioshi. Vijana wakimuuliza wanunue bunduki gani, endapo mambo yataharibika, hujifuta mikono kikoini kwanza, kisha hunong'ona: "Ile ambayo hapana anayejua kama unayo."

Mafuriko yalipokata umeme, na wezi wakawa wanazunguka mchana kweupe, mashine ya kupumulia ya mama ilizima. Nikapiga ukelele. Nyuma ya ukuta likanguruma jenereta ambalo hapana aliyejua kama jirani analo, naye akanirushia waya. "Chomeka, mwanangu!" Mtaa mzima ukasikia. Akafungua geti, akatoa kiti nje, akaketi na bunduki magotini, kila mpita njia aione.