Mfereji wa Delphina Enos

Tarehe 11 Juni 2013 tulianza kuchimba saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, tukaacha saa tano na nusu, kabla jua halijaifanya mipini ya sepetu isishikike. Katika saa hizo sita na dakika kumi, dakika arobaini zilichukuliwa na Shangazi Delphina Enos, mwenye shamba, akituonyesha mahali pa kuchimba.

Alikuwa mjane wa miaka sabini na moja, mnene, asiyevua kofia ya besiboli ya marehemu mumewe. Huku kwetu, kwenye ardhi ya kabila letu kando ya Mto Gila, hapakuwa na aliyemshinda kwa maharage madogo ya kahawia, yale yanayovumilia jangwa. Lakini hata hayo huhitaji kunyweshwa kabla ya mvua za Julai, na mfereji wake ulikuwa umejaa mchanga kwa miaka miwili. Kila Jumapili nduguye aliahidi kuuzibua, Jumapili zikapita.

Basi mkuu wetu wa kazi, mwanaakiolojia Hollis Pratt, mgeni katika bonde, alipokuja kuomba ruhusa ya kutafuta mifereji ya Huhugam, wazee wetu waliolima hapa zamani za kale, Shangazi alimkaribisha kwa mkate wa kukaanga.

"Chimba, baba. Kutoka lango la maji mpaka kwenye maharage. Mstari mmoja."

"Na kule kwenye migunga?"

"Kule kuna nyoka."

"Wa aina gani?"

"Wenye hasira."

Mimi nilishika kamba ya vipimo nikainamisha uso. Kule kwenye migunga ndiko alikokuwa akilala kila mchana, miguu mitupu.

Siku ya tisa, kwenye kina cha mita mbili, tuliifikia sakafu ya mfereji wa kale: tope la kijivu lililokauka, laini kama unga. Tulifurahi wote, Shangazi kuliko wote, mpaka Hollis aliposema kwamba Alhamisi handaki letu lote lingefukiwa, kama kibali cha uchimbaji kilivyotaka. Zamu ya maji ya Shangazi ilikuwa Ijumaa. Zamu nyingine ingefika maharage yamekwisha kufa.

Alhamisi tulimkuta ndani ya handaki, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anachambua maharage ya mwaka uliopita. Leland, mpwa wake, aliyekuja na mashine ya kufukia, alizima injini.

"Toka, Shangazi, nisije nikakufukia na kiti chako."

"Nifukie. Baada ya miaka elfu watanichimbua, watasema nilikuwa malkia."

"Malkia wa kiti cha plastiki?"

"Wewe watakukuta na mashine yako, watasema ulikuwa punda."

Hollis aliteremka polepole, akaketi kwenye udongo mbele yake.

"Mama Delphina, kibali kinataka mfereji wa kale ufunikwe kwa mita moja na nusu ya udongo. Sisi tumechimba mita mbili. Jana niliipigia simu ofisi ya kabila ya mambo ya kale. Wamesema nusu mita inayobaki juu ni hiari ya mwenye shamba."

Shangazi aliacha kuchambua.

"Ulijua ninachotaka?"

"Tangu siku ya nyoka."

"Ukaniacha nikae humu na joto lote hili?"

"Nilitaka kuona utafika wapi."

"Mtoto mbaya wewe!"

"Ungeniomba tu, mama."

"Ningekuomba, ungenionea huruma. Mimi huruma nitanyweshea nini?"

Alimnyooshea Leland mkono amvute juu. Alipofika ukingoni aliutazama mstari wetu, tulioupima kwa uzi na timazi, akasema umepinda.

Tulifukia mita moja na nusu, tukashindilia, tukaacha mfereji wenye kina cha goti. Ijumaa saa mbili asubuhi Shangazi alifungua lango mwenyewe. Maji yalikwenda taratibu, yakisukuma majani makavu na povu la vumbi, naye akatembea sambamba nayo, akiyatukana kwa kuwa mavivu, mpaka yakaingia kwenye maharage.

Mwaka mmoja baadaye mkutano wa wilaya ulimchagua Delphina Enos, bila mpinzani, kuwa msimamizi wa zamu za maji.