Pete ya Nyanya Ilivyogeuka Sufuria

Rafiki yangu, nilipokuwa shule ya jioni hapa Lodwar, mwalimu alitwambia kwamba zamani alumini ilikuwa taabu sana kuitenga na udongo, hata wafalme wakaithamini kuliko dhahabu. Nilipiga ukelele, darasa zima likageuka. Kuliko dhahabu! Na mimi utotoni niliyeyusha ya nyanya yangu!

Tulikaa Kakuma. Nyanya alivaa alagama, pete nene ya shingoni ya mwanamke aliyeolewa. Yake ilikuwa ya alumini, nyepesi kama unyoya, haijui kutu, na ikipigwa na jua unaiona toka Kalokol. Ikivuliwa, watu wanajua mume amekufa. Mwaka ule jipu lilimtoka shingoni. Akaivua kwa siri, akaificha chini ya ngozi ya kulalia na kujifunga kitambaa. Babu alikuwa malishoni, upande wa Lokichar.

Ndipo sufuria yetu ya pekee ikatoboka. Nyanya akanituma kambi ya wakimbizi kwa fundi kutoka Sudan Kusini, aliyesubu sufuria, yaani kumimina alumini iliyoyeyuka kwenye umbo la mchanga. Akaipima mkononi, akacheka.

"Binti, hii imeliwa na moto. Nikiyeyusha utapata kikombe. Leta kitu cha kuongeza."

Kwa akili zangu nyingi, nikakimbia kuleta pete, ambayo nilimwona nyanya akiificha. Fundi, mgeni wa mila zetu, akaitumbukiza. Ikayeyuka kama siagi.

Nyanya aliisifu sufuria mpya. Kisha akainua ngozi. Yowe alilopiga! Kitambaa kikaanguka, majirani wakafika mbio, wakaiona shingo tupu.

"Mzee ametuacha!"

Nyanya alikana, nami nikakiri, lakini nani asikie? Wakasema huzuni imetuchanganya. Kufikia jioni nyanya mwenyewe alianza kuingiwa na shaka: labda pete imejua jambo asilolijua. Siku mbili alikaa akitazama njia ya Lokichar, hali chakula, waombolezaji wakinywa uji wa mtama kutoka sufuria ile ile.

Siku ya tatu vumbi likatimka. Mbuzi, kisha babu.

"Ejok!" babu akawasalimu waombolezaji. "Nani amekufa?"

"Ni wewe, mzee!"

Wanawake kumi walizimia. Nyanya alimshika babu masikio yote mawili, kana kwamba anakagua mbuzi wa kununua, ndipo akalia.

Babu alikataa katakata pete nyingine. "Sasa ndoa yangu inanipikia," alisema. Tangu hapo, kabla ya kila mlo, aliigonga sufuria kwa kijiko. "Bado nipo."

Alipokufa kweli, nyanya hakuwa na cha kuvua. Aliitoa sufuria mekoni, akaifudikiza mlangoni. Majirani walipita, wakaona, wakakaa chini pamoja naye.

Nyanya naye hayupo, na fundi alisharudi kwao. Sufuria ninayo. Wanangu hushangaa mbona siwezi kupakua kabla sijaigonga.