Bobini Yuko Kazini

Kazini kila mtu alimwita Dada wa Simu, na hata wateja waliopiga kulalamika kwamba pampu ya maji imekataa kuwaka walimwita hivyo hivyo. Mtu mmoja tu duniani alimwita Bobini. Huyo alikuwa mama yake, fundi cherehani, aliyemlea mwanawe wa pekee chini ya meza ya kushonea, mtoto akibiringisha bobini, kigurudumu cha uzi cha cherehani, sakafuni na uzi ukimfuata nyuma kama mkia. Jina likamganda. Alisoma, akaajiriwa, akaolewa, akaachika, na siku aliporudi na sanduku lake alipokewa mlangoni bila swali hata moja: "Bobini, ingia, chakula kinapoa."

Halafu mama akaanza kusahau. Mwanzo alisahau alipoweka mkasi. Baadaye akasahau mkasi wenyewe ni wa kazi gani. Siku alipokutwa barabarani na nguo ya kulalia, akimpelekea suruali mteja aliyekufa zamani, Dada wa Simu alikwenda kwa Meneja kuacha kazi.

Meneja hakuwa tajiri. Duka lake la pampu lilikuwa na watu watano na kaunta moja yenye ufa. Alimsikiliza, akakuna kichwa.

"Ukiondoka wewe, simu nipokee mimi? Mimi huyu? Si nitawatukana wateja wote waishe!"

Wiki haikuisha, akamletea nyumbani kompyuta mpakato, tableti na hedseti. Laini ya duka ikaelekezwa kwenye kompyuta, hata mteja akipiga asijue kama anajibiwa kaunta au kwenye chumba cha nyuma kinachonukia sabuni ya kufulia. Safari za mafundi zikawekwa kwenye kalenda moja ya wote. Dada wa Simu akiandika jina la mteja huku, linajitokeza kwenye simu ya fundi kule juu ya ngazi. Na kila asubuhi, mkutano wa video.

Mama aliipenda mikutano hiyo. Alivuta kiti akakaa nyuma ya mwanawe, akawasalimu watu wa kwenye kioo mmoja mmoja, akauliza kwa nini hawaingii ndani.

"Na huyu mwenye kichwa kikubwa, kola yake kaishona nani? Imepinda."

Fundi mkubwa wa duka, waliyemwita Spana, akaangua kicheko. "Meneja, umesikia? Kola imepinda!"

"Na habari ya kichwa hukuisikia?" Meneja akajishika shingo. "Mama, nitakuletea uinyooshe."

"Ulete. Na usije na njaa, mimi sipiki."

Mtandao ulipokata na uso wa mtu ukaganda mdomo wazi, Meneja alikuwa na neno lake lile lile: "Msifunge. Mtu akipotea anasubiriwa, atarudi." Mama alilishika neno hilo, yeye ambaye hakushika tena kitu.

Hata jina la mwanawe halikukaa. Lilimtoka kidogo kidogo, kama mshono unaofumuka kwa ndani huku nguo bado inavaliwa. Kwanza alianza "Bo..." akakwama. Kisha ikawa "wewe". Kisha "binti", kwa adabu ile ya kumsemesha mtu aliyeajiriwa. Asante, binti. Binti, mwenye nyumba hii yuko wapi? Dada wa Simu alimwogesha, akamkausha katikati ya vidole vya miguu, akamfunga vifungo, na mama akatazama ukutani kwa haya, kama mtu anayevuliwa nguo na mgeni.

Asubuhi moja mama aliamka na homa, hakuweza kukaa kitini. Dada wa Simu akaiegemeza tableti kwenye meza ya kitandani, akaenda chumba cha nyuma akaipigia kutoka kwenye kompyuta, ili amwone mgonjwa huku akipokea simu za wateja. Alikuwa amevaa shati lake la kazi la buluu na hedseti kichwani, midomo ameipaka rangi. Picha ikafunguka.

"Bobini!"

Dada wa Simu akakisogelea kioo.

"Bobini, mwanangu, uko kazini? Mbona umekonda hivyo? Huko hawali?"

"Niko kazini, Mama," akasema.

Akaitupa hedseti, akakimbia ukumbini, akausukuma mlango. "Mama! Mimi hapa!"

Mama akavuta shuka hadi kidevuni. "Polepole, binti. Umenishtua."

Akarudi chumba cha nyuma taratibu, akakaa, akatazama kioo. Akawa Bobini tena.

Tangu hapo nyumba ile ikawa na watu watatu. Chumbani alikuwa binti wa kubeba beseni. Nyuma ya ukuta alikuwa mwana. Mama alipokataa kula, binti aliweka bakuli, akatoka, akavaa shati la buluu, akapiga.

"Mama, kula. Huyo binti ni mtu mzuri, namjua."

"Unamjua?"

"Namjua tangu utotoni."

"Mmh. Kweli mnafanana kidogo," mama akasema, akichukua kijiko. "Ila wewe mzuri."

Dada wa Simu alicheka mpaka akalazimika kuzima maikrofoni.

Ikafika siku mama akaisogelea tableti hadi paji la uso likajaa kioo kizima, akanong'ona.

"Bobini, nikwambie siri. Yule binti analia. Anadhani mimi sisikii. Akishaniogesha anabaki bafuni, anafungua bomba, analia humo. Usimfukuze. Amechoka tu, mikono yake naiona. Mpe siku alale."

"Nitampa, Mama."

"Na wewe urudi. Tangu umekwenda huko kazini hujarudi. Sitaki tena kukuona kwenye kioo. Nataka nikushike."

Simu ya duka ikaanza kuita. Dada wa Simu, ambaye tangu aajiriwe hakuwahi kuiacha simu iite mara ya tatu, aliiacha.

"Nakuja, Mama. Sasa hivi. Usiondoe macho hapo."

Akaihamishia video kwenye simu yake ya mkononi, akainyanyua mbele ya uso. Shati hakulivua, hedseti hakuivua. Akatembea pole pole, kama mtu aliyebeba maji yamejaa hadi ukingoni.

"Unaniona?"

"Nakuona."

"Napita ukumbini. Hii hapa cherehani yako."

"Naiona! Bobini, umefika nyumbani!"

"Nipo mlangoni, Mama. Naingia."

Akausukuma mlango kwa bega, simu bado mbele ya uso. Ndipo akaishusha.

Mama alikuwa ameketi wima kitandani, tableti ameipakata, uso unang'aa. Akainua macho. Akalitazama shati, akaitazama hedseti, akaitazama midomo. Alimtazama muda mrefu. Kisha mama akainamia tableti. Humo hakukuwa na uso tena, ila sakafu na ncha ya kandambili.

"Amepotea," mama akasema.

"Mama..."

"Shh. Alikuwa mlangoni kabisa. Usifunge, binti. Mtu akipotea anasubiriwa." Akasogea ukutani, akapigapiga godoro. "Kaa hapa. Nataka akukute. Nimeshampa habari zako."

Dada wa Simu akakaa. Huko chumba cha nyuma simu ya duka ilinyamaza, ikaanza upya. Mama akamtupia jicho shingoni, akasonya kidogo, akanyoosha mkono. Kola ya shati la buluu ilikuwa imekunjika upande. Akaigeuza, akaibana kwa vidole viwili, akaipitia yote mpaka ikalala.

"Haya," akasema. "Akija akukute nadhifu."